Nani Anajua Bei ya Nyumba ya Baba?



Kwetu, mtu akipata zahabu, hata mtoto wa miaka kumi na mbili anajua itapimwa namna gani. Mnunuzi analeta mizani ndogo. Anaangalia rangi, anatia asidi, pengine anaipima ndani ya maji, maana zahabu safi ni nzito mara 19 kuliko maji, na si rahisi chuma kingine kuiiga. Kisha anapiga simu kuuliza bei ya leo ya gramu. Ni kweli, mchimbaji anaweza kuibiwa juu ya mizani. Lakini angalau anajua kwamba mizani iko. Nyumba haina mizani. Sanamu ya babu haina mizani. Ndiyo sababu familia zenye akili, ambazo haziwezi kukubali kuibiwa hata nusu gramu, zinauza parseli ya marehemu kwa bei ya kutupa, na matanga hayajaondolewa bado.

Mchungaji haitwi kwa maombi tu. Anaitwa pia siku ya kugawa mali, akae katikati ili watu wasipigane. Mwaka juzi nilikaa katika kikao kama hicho. Baba amekufa, mjane iko, watoto watano. Kijana wa kwanza alitoka Misisi, akasema: "Pasta, hii nyumba haiwezi kuwa chini ya dola elfu kumi na mbili. Baba alilala njaa juu ya hii nyumba. Simenti aliitoa Bujumbura." Dada yake akamjibu: "Kaka, nani atakuletea hiyo feza?" Baba mdogo alitaka tu iuzwe, watu wagawane, kila mtu arudi kwake. Na komisioneri alikuwa amekwisha kuingia, hatujui nani alimwita, akasema kwa sauti tamu: "Mama, mimi niko na mtu. Iko na dola elfu tatu mkononi. Kesho anapanda boti ya Kalemie, hatarudi tena."

Mama alinyamaza muda mrefu. Kisha akauliza: "Na mimi nitalala wapi?"

Elfu kumi na mbili na elfu tatu, kwa nyumba moja, siku moja, chini ya mwembe mmoja. Nani kati yao alisema kweli? Hakuna. Kijana alihesabu jasho la baba yake. Komisioneri alihesabu haraka ya wafiwa. Hakuna aliyeipima nyumba yenyewe.

NAMNA MPIMA-BEI ANAVYOFANYA

Kuna watu ambao kazi yao ni hiyo, kusema bei ya kitu bila kukinunua wala kukiuza. Tanzania wanaitwa wathamini. Kwetu watu wanasema eksperi. Kazi yenyewe ni ya zamani. Katika Walawi 27, mtu akitoa nyumba yake kwa Bwana, ni kuhani anayekuja kuiangalia na kusema bei yake, ikiwa nzuri ao mbaya. Mwenyewe akitaka kuikomboa, anaongeza sehemu ya tano juu ya bei ile. Angalia vizuri: bei haikusemwa na mwenye nyumba, wala na mwenye kuitamani. Ilisemwa na mtu wa tatu.

Eksperi mzuri hana njia moja. Anapitia njia tatu, kisha anaangalia zinakutana wapi.

Kwanza anaangalia jirani. Katika avenue hii na ile ya pili, nyumba gani iliuzwa mwaka huu ao mwaka jana, na ililipwa ngapi? Nasema ililipwa, sisemi iliombwa. Mtu anaweza kuomba dola elfu ishirini miaka mitano na asipate mnunuzi. Hiyo si bei, ni matumaini. Tena hapa kwetu inafaa kuwa na macho, maana wengi wanaandika bei ndogo katika karatasi ya mauzo juu ya kukimbia kodi ya Serikali. Basi eksperi hasomi karatasi tu. Anamuuliza aliyeuza, anamuuliza shahidi, anamuuliza hata fundi aliyetengeneza mlango wa mnunuzi.

Pili, anaijenga nyumba upya katika kichwa chake. Matofali ya kuchoma mangapi, mifuko mingapi ya simenti, mabati mangapi, mbao, milango, mikono ya fundi, yote kwa bei ya leo na si kwa bei ya wakati baba alijenga. Kisha anaanza kutoa. Bati limeshika kutu, anatoa. Ukuta umepasuka kuanzia msingi, anatoa nyingi. Ukipasuka plasta tu, anatoa kidogo. Anapanda juu ya dari na kuchoma mbao kwa kisu kuona kama mchwa wamekula. Kuta za matofali mabichi zilizopakwa simenti nje zinadanganya macho ya mnunuzi, lakini eksperi anagonga kwa kidole na kusikia. Mwisho anaongeza bei ya udongo peke yake, maana udongo hauzeeki.

Tatu, anauliza kodi. Nyumba hii mpangaji angelipa ngapi kwa mwezi? Miezi mingapi inabaki wazi? Mnunuzi angetaka feza yake irudi kwa miaka mingapi?

Katika kikao kile tulileta mtu mmoja mwenye kujua kazi hiyo, na fundi mzee wa kumsaidia. Walizunguka nyumba asubuhi yote. Kujenga nyumba kama ile leo: dola 9,000. Uzee wake ulikula theluthi moja, ikabaki 6,000, udongo 2,000, jumla 8,000. Kwa kodi: dola 60 kwa mwezi, lakini miezi miwili ya mwaka inaliwa na matengenezo ao inakosa mpangaji, ndiyo dola 600 kwa mwaka, kwa miaka kumi, 6,000. Na jirani? Nyumba inayofanana nayo iliuzwa 7,000, lakini ile iko na sertifika na mlango wake unatazama barabara kubwa. Hii ya marehemu ilikuwa na karatasi ya mauzo tu, tena unaifikia kwa kupita katika uchochoro ambao gari haliingii.

Mtu asiyejua kazi angejumlisha zote tatu na kugawanya. Eksperi hafanyi hivyo. Anauliza njia gani inasema kweli zaidi kwa nyumba hii. Kwa nyumba ya kupangisha, kodi inasema zaidi. Kwa nyumba ya kukaa mtu na familia yake, jirani anasema zaidi. Kwa kanisa, shule ao hospitali, ambavyo haviuzwi kila siku, inabaki kuhesabu matofali. Huyu wetu alikuwa karibu kuandika 6,000, kisha akashuka mpaka upande wa chini wa parseli, akaona alama kwenye ukuta wa choo, akauliza: "Maji yalifika hapa mwaka gani?"

ZIWA NALO LINA SAUTI

Uvira ni mji mwembamba. Nyuma ni milima ya Mitumba, mbele ni Tanganyika, na katikati mito inashuka kwa hasira: Kavimvira, Mulongwe, Kalimabenge. Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020, Mulongwe ilitoka njiani mwake, ikaua watu makumi na kuangusha nyumba kwa maelfu. Kisha ziwa lenyewe likapanda miaka iliyofuata, na Mei 2024 lilifika karibu mita 777 juu ya usawa wa bahari. Watu walilia kwamba jambo kama hilo halijatokea tangu dunia iumbwe. Wazee walicheka kwa huzuni. Wao walikumbuka 1964, wakati ziwa lilifika karibu pale pale. Na mbele ya wazee hao, katika miaka ya 1870, lilipanda zaidi, juu njia yake moja ya kutokea, mto Lukuga kule Kalemie, ilikuwa imeziba, mpaka maji yalipoitoboa.

Kati ya 1964 na 2020 ni zaidi ya miaka hamsini. Katika miaka hiyo ziwa lilishuka, mchanga ukaonekana, watoto wetu wakaona udongo wa bure, wakajenga. Si wote walikuwa wajinga. Wengi walikuwa maskini. Lakini eksperi hawezi kuandika bei ya udongo ambao ziwa limeukopesha tu. Hata mtu akionyesha karatasi yenye mihuri mitatu, ukingo unaofikiwa na maji ni mali ya Serikali. Ndiyo maana swali la kwanza la mtu mwenye akili akinunua chini ya barabara kubwa si "bei gani?" Anamtafuta bibi wa miaka themanini wa avenue ile, anamwamkia kwa heshima, na kumwomba amwonyeshe kwa fimbo maji ya 1964 yalisimama wapi. Hakuna mashini inayofanya hiyo kazi vizuri kumshinda.

Kwa nyumba ya marehemu, maji ya 2024 yalikuwa yamefika kwenye choo, hayakufika nyumbani. Bei ikateremka: kati ya 5,000 na 5,500. Kijana wa Misisi alikasirika. Komisioneri alikwenda zake bila kuaga. Na mtu wa boti ya Kalemie, wiki iliyofuata, alionekana bado anakunywa chai hapa hapa Uvira.

Haikuuzwa. Eksperi mwenyewe ndiye aliyekumbusha kwamba Sheria ya familia ya tarehe 1 Agosti 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, inawapa watoto robo tatu ya urithi, lakini inamwachia mjane haki ya kukaa na kutumia nyumba aliyoishi na mume wake. Nyumba ambayo mjane anaishi kwa haki haiwezi kuwa na bei sawa na nyumba iliyo wazi, kwa sababu mnunuzi hanunui kuta tu, ananunua nafasi ya kuingia. Wakakubaliana kupangisha vyumba viwili vya mbele. Mama akajibiwa swali lake, ingawa si kwa furaha ya wote.

KARATASI INAKULA NUSU YA BEI

Vijana wananiuliza: kwa nini nyumba mbili za mapacha, fundi mmoja, mwaka mmoja, moja inauzwa 7,000 na nyingine 5,000? Jibu liko katika sanduku chini ya kitanda.

Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 iliandika katika kifungu cha 53 kwamba udongo ni mali ya Serikali peke yake. Raia hapewi udongo wenyewe, anapewa haki juu ya udongo. Na kifungu cha 219 kiliongeza kwamba haki hiyo inasimama tu kwa sertifika ya uandikishaji inayotolewa na ofisi ya hati za ardhi. Karatasi ya mauzo iliyotiwa sahihi mbele ya chefu wa avenue ni ushuhuda kwamba feza ilipita kutoka mkono huu hadi mkono ule. Fishi ya parseli ni ushuhuda kwamba unajulikana katika kartiye. Kontra ya kupanga kwa Serikali ni hatua mbele zaidi. Lakini ni sertifika tu, ikipita miaka miwili bila mtu kuishtaki, inayokuwa mwamba. Eksperi anazipanga karatasi hizo kama ngazi, na kwa kila ngazi inayokosekana anakata, maana mnunuzi atalipa yeye mwenyewe kwa kuipanda: feza ya kadasta, feza ya safari, na usingizi.

Ibrahimu alijua hilo mbele ya Wabeljiji hawajazaliwa. Alipotaka kumzika Sara (Mwanzo 23), walimwambia achukue shamba bure. Alikataa zawadi. Alipima shekeli 400 za feza mbele ya watu wote wa mlango wa mji, na pango, shamba na miti vikatajwa kimoja kimoja pamoja na mipaka. Mimi nadhani alilipa nyingi. Lakini alikuwa mgeni, na alikuwa ananunua ushuhuda usioweza kukataliwa na wajukuu wa wale waliokuwa wanamwonyesha meno siku ile.

Yeremia naye (sura ya 32) alinunua shamba la Anathothi kwa shekeli 17 tu. Bei ndogo! Lakini tazama wakati: jeshi la Babeli limezunguka Yerusalema, nabii mwenyewe yuko kifungoni, nani mwingine angenunua? Wapima-bei wana jina la bei ya namna hiyo. Wanaitenga na bei ya soko na kuiita bei ya kulazimishwa. Sisi wa Uvira tunaijua. Oktoba 1996, wakati watu walikimbia kuvuka ziwa kwenda Kigoma, mali ilibadilishwa kwa nafasi katika mtumbwi. Bei iliyotoka siku kama ile haipashwi kutumiwa kama kipimo mwaka mmoja baadaye, na mtu anayekuambia "fulani aliuza kwa bei hii" bila kusema fulani alikuwa anakimbia nini, huyo anataka kukununua wewe.

Yeremia alifanya jambo lingine la maana: aliandikisha nakala mbili, moja imefungwa kwa muhuri na moja wazi, zikatiwa katika chombo cha udongo ili zikae siku nyingi. Wakati wa mafuriko ya 2020, kuna familia ambazo nyumba ilikwenda na karatasi pia ikakwenda. Walibaki na udongo, lakini bila ushuhuda. Nakala ikae kwa ndugu wa mbali, juu ya mlima ikiwezekana.

KITU CHA ZAMANI SI LAZIMA KITU CHA BEI

Sasa nije kwa vijana, juu wao ndio wanaoleta mifuko ya noti za Mobutu wakisema: "Pasta, wazungu wananunua hizi." Mara chache. Oktoba 1993 zaire mpya moja ilichukua nafasi ya zaire za zamani milioni tatu, na mwaka 1998 faranga ya Kongo ilichukua nafasi ya zaire mpya laki moja. Noti zilichapwa nyingi sana, na ziko bado nyingi sana masandukuni. Mkusanyaji anatafuta ile ambayo haijakunjwa hata mara moja, na hata hiyo mara nyingi anailipia dola chache. Uzee peke yake hauna bei. Mawe ya mto Mulongwe ni ya zamani kuliko noti zote.

Linganisha na sarafu moja ya jirani zetu. Mwaka 1916, Wajerumani wakiwa wamezibiwa njia za bahari na vita, walipiga sarafu za zahabu za rupia 15 katika karakana ya reli karibu na Tabora, kwa zahabu iliyotoka Sekenke. Zilipigwa elfu kumi na sita na kidogo tu. Upande mmoja kuna tembo. Sarafu ina uzito wa gramu 7 na kidogo, robo tatu yake zahabu. Mchimbaji wa Misisi akiiona ataiyeyusha na kuuza gramu tano na kidogo za zahabu safi. Mkusanyaji atalipa zaidi sana, na hailipii zahabu: analipia uchache wake, tembo wake, na historia yake. Kwa sababu hiyo za bandia ziko nyingi, na eksperi anaanza na mizani ile ile ya mchimbaji kabla hajachukua kioo cha kukuza. Na kama uko nayo, usiisugue kwa majivu ili ing'ae! Ukisugua umeifuta bei yake kwa mkono wako.

Lakini jambo zito kwetu ni vitu vya Warega. Wasomaji wa Mwenga na Kamituga wanajua ninachosema: vinyago vidogo vya mti, sanamu za mti na za pembe, vilivyokuwa mali ya wakubwa wa Bwami. Serikali ya Wabeljiji iliivunja Bwami kwa amri mwaka 1948. Babu zetu waliopokea Injili, wengine walichoma vitu hivyo, wengine walivipeleka misioni, wengine wakavificha. Vingi viko leo katika jumba la Tervuren karibu na Brussels na katika nyumba za matajiri. Mtaalamu Daniel Biebuyck, aliyekaa kati ya Warega katika miaka ya 1950, aliandika kitabu kikubwa juu yao kilichotoka 1973, na mpaka leo wapima-bei wanakifungua wakipata kinyago mkononi.

Wanaangalia nini? Wanaangalia ngozi ya kitu. Kinyago kilichopakwa mafuta na kushikwa na vizazi vitatu kinakuwa laini pale vidole vilipita, si pale vidole havifiki. Mwenye kutengeneza cha bandia anakipaka moshi kote sawasawa, na hapo anakamatwa. Wanaangalia matundu ya kamba kama yamelika kwa ndani. Wananusa. Kisha wanauliza swali linaloshinda yote: kimepitia mikono ya nani, toka mwaka gani? Vinyago viwili vinavyofanana, kimoja kina picha ya zamani ao barua ya mtu aliyekichukua, kingine hakina kitu. Cha kwanza kinaweza kupata bei mara nyingi zaidi. Ni sertifika tena, ndugu msomaji, ila kwa jina lingine.

Mnunuzi anayezunguka vijijini anajua hayo yote na hasemi. Anashika sanamu kwa vidole viwili na kusema ni kuni. Mezali 20 zinamwelezea vizuri: wakati wa kununua anasema ni mbaya, ni mbaya, akishaondoka anajisifu. Msifikiri ni wajinga wa kijijini tu wanaodanganyika hivyo. Huko Ufaransa, mwaka 2021, mume na mke wazee walisafisha nyumba na kumuuzia mchuuzi wa vitu vya zamani kinyago cha Wafang wa Gabon kwa euro 150. Babu wa mume alikuwa gavana katika makoloni. Hata wauza-mnada wa kwanza walioulizwa na mchuuzi walisema euro mia chache. Kisha kikapimwa umri wake kwa njia ya kaboni, historia ya gavana ikafuatwa, na Machi 2022 kikauzwa katika mnada wa Montpellier kwa euro milioni 4.2. Wazee walishtaki. Desemba 2023 mahakama ya Alès ilikataa madai yao, ikiona kwamba wao wenyewe hawakujishughulisha kujua bei kabla ya kuuza. Gabon nayo ilidai kinyago kirudi kwao, ikakataliwa pia. Nilisoma habari hiyo mara mbili. Mti ni ule ule, wa euro 150 na wa milioni 4. Kilichoongezwa katikati ni ushuhuda tu.

Mimi sisemi mtu airudishe Bwami. Tulikwisha kuchagua nani tunamwabudu. Lakini kuacha kuabudu kitu si sababu ya kukitoa kwa bei ya gunia la makaa, bila hata kuandika babu aliyekitumia aliitwa nani. Tena mjue sheria: amri ya tarehe 15 Machi 1971 inalinda vitu vya utamaduni, havitoki inchini hivi hivi, na biashara ya pembe za tembo kati ya mataifa ilifungwa mwaka 1990. Anayekuambia atapitisha sanamu ya pembe mpakani Kavimvira bila tatizo anakupa wewe tatizo. Juni 2022 mfalme wa Ubelgiji alileta Kinshasa kinyago kikubwa cha Wasuku na kukiacha katika Jumba la Makumbusho la Taifa. Vitu vinaanza kurudi kwa shida, na sisi tunavitoa kwa mlango wa nyuma.

SIKU KAMPUNI INAKUJA KUHESABU

Kwa nyinyi wa migodini, kupima bei kunakuja mara nyingine bila kuitwa. Kampuni inapata ruhusa ya kuchimba, na watu wanakuja na daftari kuhesabu nyumba na migomba. Wale wa Luhwindja waliohamishiwa Cinjira juu ya mgodi wa Twangiza wanajua siku hiyo ilivyo.

Kanuni ya Madini ya mwaka 2002, iliyorekebishwa Machi 2018, inataka fidia ya haki: kodi ya udongo, ao thamani yake wakati unapochukuliwa, na juu yake inaongezwa nusu. Walawi waliongeza sehemu ya tano. Sheria yetu imeongeza nusu. Lakini nusu ya kitu kisichoandikwa ni sifuri. Kwa hiyo muhesabu nyinyi wenyewe mbele yao. Mgomba unaozaa na mgomba mchanga viandikwe mbalimbali. Michikichi, miavokado, kisima, choo, kaburi, ukuta wa jiko, vyote. Pigeni picha na simu, mtu akisimama pembeni ili ukubwa uonekane, na tarehe iandikwe. Chefu na mashahidi wawili watie sahihi. Muulize anayepima analipwa na nani, na namna gani: mtu anayelipwa kiasi kimoja, bei iwe juu ao chini, anaweza kusema kweli kwa urahisi kuliko yule anayekata sehemu yake ndani ya bei.

Na fomu ikiletwa kwa Kifaransa, isomwe yote kwa sauti, kwa Kiswahili ao Kilega ao Kishi, mstari kwa mstari, mbele ya mtu yeyote kutia kidole.